Nani Kamwiga Nani? Moduli za Kidijitali na Mafundi Wadogo

Jumamosi moja rafiki yangu, fundi wa vifaa vya sauti hapa Dar, alikuja nyumbani na kiboksi cha bati alichokitoboa mwenyewe. Mbele kulikuwa na nobu nne za kuzungusha na matundu sita ya kuchomekea waya. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha elektroniki kisichozidi kidole kwa urefu. Akawasha, akaunganisha na spika yangu, sauti ikatoka nzuri kuliko nilivyotegemea. Halafu akaniuliza:

"Kaka, humu ndani msimbo si wangu wote. Nimechukua wa Plaits. Nikiandika jina langu hapa mbele nikauza, mimi ni fundi au ni mwizi?"

Nikamjibu kwa mzaha: "Mwizi mwenye adabu." Yeye hakucheka. Alikunywa chai yake, akabeba kiboksi chake, akaenda zake. Makala haya ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi, na pia la kujisahihisha mimi mwenyewe. Nimekuwa mwepesi mno wa kusema "hii ni nakala tu" kila ninapoona moduli mpya ya fundi mdogo. Nikikumbuka vizuri, nimewahi kusema hivyohivyo juu ya riwaya na diwani, na huko pia sikuwa sahihi kila mara.

Kwa msomaji aliyezoea kuja hapa kwa ajili ya vitabu, nieleze kwanza. Sintesaiza ya moduli ni ala inayonunuliwa kwa vipande. Moduli moja inatoa sauti, nyingine inaichuja, nyingine inahesabu mapigo, na mpigaji ndiye anayeziunganisha kwa waya kila anapotaka kupiga. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer alitoa mfumo wake wa A-100, na vipimo vyake vikafuatwa na wengine mpaka vikawa kawaida ya wote, kawaida tunayoiita Eurorack: paneli yenye kimo cha milimita 128.5, upana unaohesabiwa kwa hatua za milimita 5.08, umeme wa volti 12 chanya na 12 hasi. Yeyote anayefuata vipimo hivyo, hata awe peke yake na pasi ya kuchomelea mezani, moduli yake itaingia kwenye kabati lilelile pamoja na za wengine.

Sisi wasomaji wa mashairi hili halitushangazi. Anayetunga shairi la mizani nane ukwapi na nane utao haombi ruhusa kwa mtu yeyote. Umbo ni la wote. Hakuna aliyewahi kumwita mshairi mwizi kwa sababu ya kuhesabu mizani 16 kwenye mshororo.

Shida inaanza pale tunapotoka kwenye umbo na kuingia ndani. Moduli ya kidijitali ni kompyuta ndogo: chipu moja, mara nyingi ya jamii ya STM32, na programu iliyoandikwa humo. Anayeiga saketi ya analogi lazima atafute vipuri, aviunganishe, asikilize, arekebishe tena. Anayeiga moduli ya kidijitali, kama faili za programu ziko wazi, anaweza kuhamisha akili yote ya chombo kwa dakika chache. Basi ukifungua orodha ya moduli mpya unakuta punje za sauti hapa, punje za sauti pale, mwangwi huu, mwangwi ule, na unajiuliza kwani hawa jamaa hawatazamani?

Wanatazamana sana. Ila kuna mfanano wa namna tofauti, na sisi wahakiki tumezichanganya.

Namna ya kwanza ni wazo moja kuzaa kazi mbili. Wazo la kukata sauti vipande vidogo vidogo, kila kimoja sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha kuvimwaga upya kwa mpangilio mwingine, lina umri mkubwa. Mwanafizikia Dennis Gabor aliandika juu ya chembe za sauti mwaka 1947. Iannis Xenakis alilipeleka kwenye utunzi, na baadaye Curtis Roads na Barry Truax wakalipeleka kwenye kompyuta. Hakuna fundi wa Eurorack anayeweza kudai kwamba wazo hilo ni lake.

Sasa tazama moduli mbili zilizolifanya lijulikane kwa wapigaji wa leo. Ya kwanza ni Clouds, ya Mutable Instruments, karakana ya Kifaransa ya Émilie Gillet. Ya pili ni Morphagene, iliyotoka 2017, ya Make Noise wa Asheville, Marekani, wakishirikiana na Tom Erbe. Kwa maelezo ya dukani zote mbili zinafanya kazi ileile: zinarekodi sauti, zinaikata, zinaichezesha upya. Ukizishika unaona hazina undugu wa karibu hata kidogo.

Clouds ina kumbukumbu fupi. Hata ukikubali ubora wa chini na chaneli moja, unapata sekunde 8 tu. Hiyo si kasoro, ndiyo tabia yake yenyewe. Inakula sauti inayopita sasa hivi na kuirudisha kama ukungu. Ina kitufe cha kugandisha: ukikibonyeza, wakati unasimama, na unabaki unazunguka ndani ya kipande kilekile kama mtu anayekumbuka neno moja alilosema marehemu. Morphagene inashika karibu dakika 3, inahifadhi kwenye kadi, na lugha yake yote ni ya utepe: kuna riili, kuna kuunga vipande, kuna kasi ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Jina lake linatokana na Phonogene, moduli yao ya zamani, nayo ilichukua jina la mashine za utepe za kundi la Pierre Schaeffer kule Paris, miaka ya 1950. Niliigusa mara moja tu, kwenye kabati la mwanamuziki mgeni aliyepita mjini, na kwa dakika 20 nilizopewa nilijiona kama mtu anayepekua kabati la kaseti za familia.

Kwa hiyo wazo ni moja, kazi ni mbili. Ya kwanza inasema sauti ni hewa inayopita, ya pili inasema sauti ni kitu kinachotunzwa. Mhakiki anayesema "zote ni za punje" hajasoma. Ni sawa na kusema riwaya mbili ni moja kwa sababu zote zina kijana anayetoka kijijini kwenda mjini.

Namna ya pili ndiyo ngumu: msimbo mmoja, nyuso nyingi. Gillet aliziweka wazi faili za moduli zake. Programu za zile zinazotumia chipu za STM32 zilitolewa kwa leseni ya MIT, inayoruhusu karibu kila kitu, na michoro ya vifaa kwa leseni ya Creative Commons inayotaka umtaje mwenyewe na uachie kazi yako kwa masharti yaleyale. Aliongeza ombi la wazi: jina la Mutable Instruments lisiwekwe kwenye kazi za wengine, na hata majina ya moduli zake ni bora yasitumike. Chukua, tengeneza, ila jiite jina lako.

Wakachukua. Clouds ilipoacha kutengenezwa, nakala ziliendelea kuzaliwa. Ziko zilizobanwa mpaka zikawa nusu ya upana wa ile ya kwanza na hata chini ya hapo, na ziko zilizopanuliwa. Mimi mwenyewe nilianza kwa nakala. Mwaka 2017 Andrew Belt alitoa VCV Rack, programu ya bure inayoweka kabati zima la moduli ndani ya kompyuta, na humo kulikuwa na moduli iliyoitwa Texture Synthesizer na baadaye nyingine iliyoitwa Macro Oscillator 2. Moduli moja ya kushika mkononi inauzwa mamia ya dola, kwa hiyo kwa mtu wa kipato changu kompyuta ndiyo ilikuwa njia. Niliitumia Texture Synthesizer karibu miaka miwili bila kujua kwamba ilikuwa Clouds, na kwamba Macro Oscillator 2 ilikuwa Plaits. Maelezo yalikuwepo, mimi ndiye sikusoma. Nilikuwa nakunywa maji ya kisima bila kuuliza nani alikichimba.

Nilipokuja kujua, nikawa mkali kama waongofu wote. Kila nakala nikaiita wizi. Leo naona nilikosea, na kilichonionyesha ni nobu moja.

Kwenye Clouds kuna nobu iliyoandikwa Blend. Inafanya kazi nne: kuchanganya sauti kavu na iliyochakatwa, kutawanya punje kushoto na kulia, kurudisha sauti ndani ijilishe yenyewe, na kuongeza mwangwi. Unabonyeza kitufe kuchagua ni kazi ipi kati ya nne unayoizungusha sasa. Mpigaji akiwa jukwaani gizani lazima akumbuke yuko wapi. Waliotengeneza matoleo mapana waliigawa nobu hiyo, kila kazi ikapata nobu yake. Msimbo haukubadilika sana. Lakini ala ilibadilika. Kitu kilichokuwa cha kukumbuka kikawa cha kushika. Mpigaji wa toleo pana anapiga mwangwi kama mtu anavyopiga ngoma, wakati wa toleo la kwanza aliupanga mapema na kuuacha.

Na waliobana? Nao walisema kitu. Walisema ala hii ni ya mtu mwenye kabati dogo, anayesafiri na mkoba. Vidole vinabanana, ni kweli, na mimi nisingependa kuipiga saa zima. Lakini ni uamuzi, na uamuzi unasomeka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwenye moduli za kidijitali paneli ndiyo maandishi. Programu inaweza kufanya mambo 100. Paneli inakuambia yapi kati ya hayo 100 fundi aliona yanastahili mkono wako, yapi aliyaficha nyuma ya kitufe, na yapi aliyatupa. Nikiisoma paneli nauliza maswali yaleyale ninayouliza ubeti: kwa nini neno hili limekaa hapa, na ni neno gani limeachwa?

Anayetaka ushahidi amtazame Gillet mwenyewe, kwa sababu fundi aliyefanana zaidi na Gillet ni Gillet. Moduli yake ya Braids ilikuwa na aina za sauti zaidi ya 40 na kioo kidogo kilichoonyesha jina la kila moja kwa herufi chache. Watu waliipenda kwa wingi huo. Mwaka 2018 akatoa mrithi wake, Plaits. Kioo kimeondolewa. Aina za sauti zimepungua mpaka 16, makundi mawili ya nane nane, zikionyeshwa kwa vitaa tu. Badala ya nobu mbili za kuumba sauti zikawa tatu. Wako walionuna: kwa nini nilipe nipewe pungufu? Lakini kaa nayo wiki moja. Kwenye Braids unasoma, kwenye Plaits unasikiliza. Kila nobu katika kila sauti inakwenda mahali penye maana, hakuna kona iliyokufa. Baadaye programu yake ilipofanyiwa nyongeza, aina nyingine 8 ziliingia, lakini nidhamu ilikuwa imeshawekwa.

Vivyo hivyo Beads, ya 2021, iliyochukua nafasi ya Clouds. Yeye aliyeandika Clouds aliiandika upya. Aliongeza uchaguzi wa ubora wa kurekodi, mmoja wao ukiwa na sauti ya kaseti iliyochoka, na akafanya kwamba usipochomeka waya wowote wa sauti, moduli inatoa sauti zake yenyewe. Kwa hiyo hata kujiiga kunaweza kuwa kazi mpya, sharti uwe na neno jipya la kusema.

Namna ya tatu ya mfanano imekuja karibuni: uso mmoja, roho nyingi. Mwaka 2020 Electrosmith walileta Daisy, kibao kidogo chenye chipu yenye nguvu, sehemu za kuingiza na kutoa sauti, na maktaba ya programu huria. Fundi mdogo hahitaji tena kusanifu kompyuta yake. Ananunua kibao, anaandika programu, anaweka nobu. Noise Engineering wa Marekani walijenga juu yake familia ya Versio: nobu 7, swichi mbili za hatua tatu, kitufe kimoja. Ukinunua moja unaweza kupakia programu za ndugu zake bila malipo, na unaweza pia kuandika yako. Leo ni mwangwi, kesho ni kitu kingine kabisa.

Kama mteja naushukuru ukarimu huo. Kama msomaji wa paneli nina lalamiko. Ukibadilisha programu, maandishi yaliyochapwa pale mbele yanabaki ya programu ya zamani. Nobu imeandikwa jambo moja, inafanya jingine. Unapiga huku ukitafsiri kichwani. Tena kila programu lazima itoshe kwenye nobu zilezile 7, hata kama ilihitaji 3 au 12. Hapa mafundi wengi wanaanza kufanana si kwa sababu wameigana, bali kwa sababu wamepanga nyumba moja na madirisha yake hayabadiliki. Mfanano huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hautokani na uamuzi wa mtu. Nakala ya Clouds yenye nobu nne mpya ina mwandishi. Moduli inayozaliwa kwa kufuata tu matundu ya kibao, mwandishi wake simwoni.

Sasa nirudi kwenye neno wizi, maana sitaki nieleweke kwamba kila kitu ni halali ilimradi umesogeza nobu.

Kuna nakala ambazo hazikusogeza hata nobu. Msimbo uleule, mpangilio uleule, rangi tu tofauti na bei ya chini. Kisheria, kama leseni imefuatwa, hakuna kosa. Kwa mpigaji asiye na fedha ni nafuu kubwa, na mimi niliyeanza na programu ya bure sina uso wa kumsimanga. Lakini kihakiki hakuna cha kusoma. Na kuna gharama ambayo haionekani dukani: kazi ya kukaa miezi ukiamua kwamba sauti 40 ziwe 16 hailipwi na anayenakili. Anayenakili anaanzia mwisho. Gillet alifunga Mutable Instruments mwaka 2022. Sidai kwamba nakala ndizo zilizomfungisha. Nasema tu kwamba tangu hapo nakala zinaendelea kutoka, bali mtu wa kuzifanyia masahihisho ya aina ile, ya kupunguza, hayupo tena kwenye kiti chake.

Basi deni la anayechukua ni nini? Naona ni mambo mawili. La kwanza ni kutaja. Arturia wa Ufaransa walipotoa MicroFreak mwaka 2019, kampuni kubwa kuliko karakana yoyote niliyoitaja hapa, waliingiza sauti za Plaits na wakasema wazi zimetoka wapi. Kama wao wameweza, fundi wa kiboksi kimoja hana kisingizio. La pili ni kuamua. Ukichukua, basi amua kitu: ongeza, punguza, hamisha, kataa. Uache alama ya mkono wako mahali ambapo mkono wangu utaikuta.

Nilimpigia rafiki yangu nikamwambia aje tena na kiboksi. Safari hii nilikaa nacho kimya, nikakipiga kwa karibu saa mbili. Kati ya aina zote za sauti za Plaits alikuwa amebakiza tatu. Zote ni za kugonga: ngoma, chuma, na ule mlio wa uzi uliochomolewa. Nobu ya nne, ambayo kwenye Plaits haipo, inaongeza kasi ya mapigo ya ndani kutoka mwendo wa kutembea mpaka mwendo wa singeli, bila kukatisha. Nilipoizungusha mpaka mwisho vikombe vilianza kulia mezani.

"Kwa nini tatu tu?" nikamuuliza.

"Zile nyingine nzuri, lakini hazikimbii," akasema. "Ukizipeleka kasi hii zinaungana zinakuwa kelele moja. Hizi tatu zinabaki zimesimama."

Hilo si jibu la mwizi. Ni jibu la mtu aliyesoma kazi ya mwenzake mpaka mwisho akajua ipi inamfaa na kwa nini. Nina malalamiko yangu: matundu yamekaribiana mno, na nobu ya tatu haifanyi lolote la maana kwenye sauti ya chuma, ile kona iliyokufa ambayo Gillet asingeiacha. Nimemwambia, na amekubali kuirudia kazi hiyo.

Kuhusu jina, alikuwa ameandika chanzo cha msimbo kwa kalamu, ndani ya kifuniko cha nyuma, mahali ambapo mnunuzi angepaona siku kiboksi kikiharibika. Nikamwambia akitoe huko, akiweke kwenye karatasi ya maelezo, mstari wa kwanza. Jina lake mbele, kwa herufi kubwa apendavyo. La aliyechimba kisima mahali ambapo mtu mvivu kama mimi ataliona bila kutafuta.